Kabla hujafowadi: namna ya kusoma habari za uchumi na siasa na kalamu mkononi

Juzi usiku shemeji yangu kanitumia skrinishoti ya kichwa cha habari, mfumuko wa bei umeshuka, alafu chini yake kaandika "hivi hawa jamaa wanatuona mazuzu?" Maana yeye kila akienda kununua kitu haoni kilichoshuka. Nikaanza kumjibu, nikajikuta naandika ukurasa mzima, nikafuta, nikampigia. Tukaongea karibia saa nzima, mwishowe akaniambia si uyaandike haya mahali na wengine wayaone. Basi ndo haya. Mi sio mchumi wa kusomea na sijawahi kukaa ofisi ya benki kuu yoyote, ni mtu tu ambaye nafuatilia habari hizi miaka mingi na nimeshaingizwa mjini mara za kutosha, na mara nyingine mimi ndo nimewaingiza wenzangu kwa kufowadi vitu sijavisoma.

Vifaa ni kalamu, karatasi na kikokotoo cha simu. Nasema kalamu kweli, sio utani, ukisoma namba kwa macho tu inapita kama upepo, ukiiandika inakaa na unaanza kuona haina miguu. Na kila habari ya uchumi inayokuja mbele yako unaiuliza maswali matatu: hiyo ni namba ya NINI, inalinganishwa na LINI, na NANI kaihesabu. Habari ya siasa naiongezea la nne, IMEFIKIA WAPI. Ni hayo tu, ila kila moja lina mashimo yake, ngoja tupite nayo taratibu, nitakaa zaidi pale watu wanapoumia sana.

Tuanze na ya shemeji, kwa sababu hii ndo inagombanisha watu kuliko zote. Chukua Marekani, namba zao ziko wazi. Juni 2022 mfumuko ulifika asilimia 9.1, mkubwa kuliko wote waliouona kwa miaka kama 40. Juni 2023 ukawa asilimia 3. Vyombo vya habari vikaandika mfumuko umeshuka, na ni kweli kabisa umeshuka, hakuna aliyedanganya hapo. Sasa shika kalamu. Kitu kilichokuwa dola 100 Juni 2021, ongeza 9.1, Juni 2022 ni dola 109.10. Alafu hiyo 109.10 ndo unaiongezea asilimia 3, sio ile 100 ya mwanzo, unapata kama dola 112.40. Umeona? Mfumuko umetoka 9.1 mpaka 3, na bei imetoka 109 kwenda 112. Bei haijarudi nyuma hata hatua moja, ilichopunguza ni mwendo wa kupanda. Ni kama mtu anapanda mlima anakimbia, alafu akachoka akaanza kutembea, bado anapanda. Ili bei zishuke kwa wastani mfumuko inabidi uende chini ya sifuri, na hilo benki kuu nyingi hazilitaki kabisa, nyingi zinalenga bei zipande polepole, Marekani lengo lao ni asilimia 2 kwa mwaka.

Kwahiyo siku ukiona mwanasiasa anajisifu kashusha mfumuko na mpinzani wake anasema bei zimepanda, usipoteze muda kuuliza nani muongo, inawezekana wote wawili wanasema kweli na kila mmoja kachagua kipande kinachompendeza. We uliza mshahara wako umepanda kiasi gani ndani ya miaka hiyo hiyo miwili. Kama umepanda chini ya asilimia 12.4 basi umekuwa maskini kidogo hata kama karatasi ya mshahara ina tarakimu kubwa zaidi, na hilo ni hesabu tu wala halihitaji kadi ya chama.

Kingine hapo hapo, mfumuko unapimwa kwa kapu. Ofisi ya takwimu inachukua kapu la bidhaa na huduma, chakula, kodi ya nyumba, usafiri, matibabu na kadhalika, kila kimoja na uzito wake, alafu inafuatilia bei ya kapu zima. Kapu hilo ni la mtu wa wastani ambaye hayupo popote. Anayetumia nusu ya kipato chake kwenye chakula hayuko sawa na anayetumia moja ya kumi, chakula kikipanda huyu wa kwanza anaumia na ile namba ya taifa haitamuonyesha. Tafuta jedwali la ndani, karibu kila nchi wanalitoa, lina mistari ya chakula, nishati, nyumba. Soma mstari wako.

Haya, asilimia. Hapa nakuomba utulie maana magazeti yenyewe yanachanganya kila wiki. Nitatumia siku moja tu, tarehe 6 Machi 2024, Misri. Siku hiyo benki kuu yao ilifanya mambo mawili, ikapandisha riba na ikaiachia pauni ijitafutie bei yake sokoni. Riba ya amana, ile benki kuu inayozilipa benki zinazoweka hela kwake, ilitoka asilimia 21.25 ikaenda 27.25. Je, imepanda kwa ngapi? Ukitoa unapata 6, lakini hiyo ni POINTI 6 za asilimia. Ukisema imepanda kwa asilimia, inabidi ugawe 6 kwa 21.25, unapata kama asilimia 28. Mwandishi mmoja ataandika 6 mwingine 28 na wote wako kwenye mada ile ile, ila msomaji wa 28 ataanguka na kiti. Anayetaka kukutisha atachagua namba kubwa, anayetaka kukutuliza atachagua ndogo.

Pauni nayo siku hiyo hiyo ilitoka karibia 31 kwa dola moja ikaenda karibia 50. Andika chini. Ukiangalia kwa upande wa dola, dola imepanda kutoka 31 hadi 50, ni ongezeko la asilimia kama 61. Ukiangalia upande wa pauni, pauni moja sasa inanunua 31 juu ya 50 ya kile ilichokuwa inanunua, yani imebaki na asilimia 62 ya nguvu yake, imepoteza 38. Tukio ni moja, siku moja, benki moja, na una vichwa viwili vya habari, "sarafu yapoteza asilimia 38" na "dola yapaa kwa asilimia 61". Nilipolijua hili kwa mara ya kwanza nilikasirika kidogo, maana nilishabishana na mtu mpaka tukanuniana, kumbe yeye kasoma ya kwanza na mimi ya pili.

Na sarafu ikianguka hivyo jambo la pili la kuangalia ni deni. Serikali iliyokopa kwa dola haijaongeza hata senti moja, ila kwa sarafu yake deni limevimba usiku mmoja, ile dola milioni 1 iliyokuwa pauni milioni 31 sasa ni milioni 50. Kwahiyo ukiona "deni la taifa laongezeka" usikimbilie kusema wamekopa tena, uliza kwanza limeongezeka kwa sarafu gani. Inawezekana wamekopa tena, mi simtetei mtu, lakini inawezekana sarafu ndo imeteleza.

Tukiwa kwenye deni hapo hapo, kuna namba moja inapendwa sana, deni kwa kulinganisha na pato la taifa, yani thamani ya vyote vinavyozalishwa nchini kwa mwaka. Ukiiangalia peke yake inadanganya mchana kweupe. Japani deni lao ni zaidi ya asilimia 200 ya pato la taifa, kwa miaka mingi sasa, na hakuna aliyeenda kuwagongea mlango. Sri Lanka ilikuwa na deni dogo sana kuliko hilo kwa kipimo hicho hicho, na Aprili 2022 ikatangaza inasimamisha kulipa madeni ya nje, watu wakapanga foleni za mafuta na Julai rais akakimbia nchi. Tofauti? Japani inadaiwa kwa yeni, ambayo inatengenezwa na benki kuu yake mwenyewe, na wengi wanaoidai ni Wajapani wenyewe na taasisi zao. Sri Lanka ilikuwa inadaiwa sehemu kubwa kwa dola, watalii walikuwa wamepotea tangu korona, na akiba ya fedha za kigeni ikakauka. Kwahiyo mi nikisoma habari ya deni natafuta vitu vitatu kabla ya hiyo asilimia: ni kwa sarafu gani, linalipwa lini, na katika kila 100 inayokusanywa kama kodi ngapi inaenda kulipa riba. Hiyo ya mwisho ndo unaisikia kwenye hospitali na shule, kwa sababu hela ya riba haisubiri, inakatwa kwanza na vingine vyote vinagawana kilichobaki.

Sasa ukuaji wa uchumi. Hapa swali la LINI ndo linafanya kazi kubwa. Julai 2020 ilitoka habari kwamba uchumi wa Marekani umeporomoka kwa asilimia 32.9, watu wakashika vichwa, theluthi ya uchumi imeyeyuka ndani ya miezi mitatu! Ukweli ni kwamba miezi ile ya Aprili mpaka Juni ulishuka kama asilimia 9.5 ukilinganisha na miezi mitatu ya nyuma yake, na hiyo bado ni balaa. 32.9 ilitoka wapi? Wamarekani wana kawaida ya kuchukua mwendo wa robo mwaka na kuupanua kana kwamba utaendelea hivyo hivyo mwaka mzima. Nchi nyingi nyingine hazifanyi hivyo. Kwahiyo ukiona mtu kaweka ukuaji wa robo mwaka wa Marekani pembeni ya ule wa Ujerumani au Uingereza kwenye jedwali moja, angalia kwanza kama vimepimwa kwa rula moja, mara nyingi havijapimwa hivyo na aliyetengeneza hajui au hajali.

Na kuna hii ya Nigeria naipenda sana kuisimulia. Aprili 2014 watu wa Nigeria walilala wakiwa nyuma ya Afrika Kusini kiuchumi wakaamka wakiwa wa kwanza Afrika. Pato la taifa la 2013 lilitoka kama dola bilioni 270 hadi kama bilioni 510, ongezeko la asilimia 89. Hakuna kiwanda kilichojengwa usiku ule. Walibadili mwaka wa kizio, yani mwaka unaotumika kama msingi wa kupimia, walikuwa bado wanapima uchumi kwa picha ya 1990, kipindi ambacho simu za mkononi hazikuwepo na biashara ya filamu ilikuwa haijulikani kwenye hesabu, wakahamia 2010 na sekta hizo zikaingia. Sio wizi huo, ni kazi halali na nchi nyingi zinafanya na zinatakiwa zifanye. Ila ona kinachotokea kwenye namba nyingine: deni kwa pato la taifa likashuka karibu nusu bila kulipa kitu, makusanyo ya kodi kwa pato la taifa nayo yakaonekana madogo ghafla. Kwahiyo grafu yoyote ukiona imeruka kama ngazi, sio mteremko wala mpando wa kawaida, kabla ya kumpongeza au kumtukana mtu tafuta kama wamebadilisha namna ya kuhesabu. Huwa inaandikwa kwa herufi ndogo chini ya grafu, pale ambapo hamna anayesoma.

Swali la tatu, NANI kahesabu, nalo limewahi kuangusha nchi. Argentina kuanzia 2007 serikali iliingilia ofisi ya takwimu, mfumuko wa kwenye karatasi ukawa mdogo kuliko ule wa maisha ya kawaida, wachumi binafsi waliotoa makadirio yao wakapigwa faini, na Februari 2013 Shirika la Fedha la Kimataifa likatoa karipio rasmi kwa nchi hiyo kuhusu takwimu zake. Ugiriki Oktoba 2009 serikali mpya iliingia ofisini ikatangaza kwamba nakisi ya bajeti, yani pengo la matumizi kuzidi mapato, ni zaidi ya asilimia 12 ya pato la taifa, wakati wakubwa waliopita walikuwa wanasema nusu ya hapo, na namba hiyo baadae ikarekebishwa ikapita hata 15. Yaliyofuata Ulaya nzima iliyasikia. Msumbiji 2016 ikagundulika kuna mikopo ya zaidi ya dola bilioni 1 iliyodhaminiwa na serikali ambayo bunge halikuambiwa, wafadhili wakasitisha misaada, sarafu ikaanguka. Sikuambii usiamini namba yoyote, huo ni uvivu mwingine, mtu anayesema "takwimu zote ni uongo" kwa kawaida ana namba yake mfukoni anataka uiamini hiyo. Ninachosema angalia kama anayehesabu anaweza kutoa habari mbaya kwa bosi wake na akaendelea kuwa na kazi kesho yake.

Nyingine za kuhesabiwa na wanasiasa wenyewe ndo usiseme. Kwenye kura ya Uingereza ya kutoka Umoja wa Ulaya mwaka 2016 kulikuwa na lile basi jekundu la kampeni ya waliotaka kutoka, limeandikwa tunapeleka Umoja wa Ulaya pauni milioni 350 kila wiki. Namba kubwa, imeandikwa kubwa, inatembea barabarani. Mamlaka ya takwimu ya Uingereza ilisema inapotosha, kwa sababu kulikuwa na punguzo lililokatwa kabla hela haijatoka, na nyingine ilikuwa inarudi kwa wakulima na miradi. Mi ningeongeza kitu cha kalamu: gawa kwa watu. Milioni 350 kwa watu kama milioni 65 ni kama pauni 5 na kitu kwa mtu kwa wiki, kabla hata ya kutoa punguzo. Inaweza kuwa kubwa kwako, inaweza kuwa ndogo, hiyo utaamua mwenyewe, lakini sasa angalau ina ukubwa wa kitu unachokijua. Fanya hivi kwa bajeti yoyote. Na kati ya bilioni na trilioni kumbuka sekunde: sekunde bilioni 1 ni kama miaka 32, sekunde trilioni 1 ni kama miaka elfu 32. Mwandishi akikosea herufi mbili tatu hapo kakosea maelfu ya miaka.

Haya twende siasa, IMEFIKIA WAPI. Kosa kubwa ninaloliona ni watu kuchukulia kila hatua kama mwisho wa safari. Kenya tarehe 25 Juni 2024 wabunge walipitisha muswada wa fedha, vichwa vya habari vikasema umepita, na siku hiyo vijana waliokuwa wanaandamana kuupinga waliingia mpaka ndani ya majengo ya bunge na watu walipoteza maisha. Kesho yake, tarehe 26, Rais Ruto akasema hausaini. Yani muswada "uliopita" haukuwa sheria. Bunge kupitisha ni kituo, saini ni kituo kingine, kuanza kutumika ni kituo kingine tena, na mahakama inaweza ikasimama popote hapo katikati. Uingereza wenyewe walipiga kura ya kutoka Ulaya tarehe 23 Juni 2016 wakatoka kweli tarehe 31 Januari 2020, na katikati waliangusha mawaziri wakuu. Waliobadilisha hela zao zote wiki ile ya kwanza kwa hasira au kwa furaha walikuwa wanacheza kamari.

Mfano mwingine ni ushuru wa Trump. Tarehe 2 Aprili 2025 alisimama na ubao wake akatangaza ushuru kwa karibu kila nchi duniani, masoko ya hisa yakaporomoka. Tarehe 9 Aprili ule mkubwa wa nchi moja moja ukaanza kutumika, na masaa machache baadae siku hiyo hiyo akausimamisha kwa siku 90 kwa nchi nyingi isipokuwa China, ambayo yeye akaipandishia zaidi, huku ule wa asilimia 10 wa karibu nchi zote ukibaki. Mtu aliyekuwa safarini siku hiyo bila mtandao alitua akiwa na habari ya dunia nyingine. Kwahiyo kwenye karatasi yako weka mistari mitano: imesemwa, imeandikwa, imepitishwa, imesainiwa, imeanza. Kila habari iweke kwenye mstari wake. Utashangaa nyingi zinazokukosesha usingizi ziko mstari wa kwanza, kuna mtu kasema tu mbele ya maiki.

Ila usigeuze hii kuwa sababu ya kudharau kila kitu. Korea Kusini usiku wa tarehe 3 Desemba 2024 rais alitangaza sheria ya kijeshi kwenye televisheni, na wabunge wao hawakusema tusubiri tuone kama ni kweli, wengine waliruka uzio wa bunge usiku ule ule, 190 wakapiga kura ya kuifuta na wote 190 wakakubaliana, kabla hakujapambazuka ikaondolewa. Kuna habari ya kungoja asubuhi na kuna habari ya kuamka nayo. Mi kigezo changu ni kama jambo lenyewe linaweza kurudishwa baadae au la.

Kwenye mambo ya dunia swali hilo hilo, ila vituo ni tofauti. "Umoja wa Mataifa walaani", sawa, Umoja wa Mataifa upi? Tarehe 25 Februari 2022, siku moja baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Baraza la Usalama lilipiga kura, 11 wakakubali, 3 wakajizuia, na Urusi ikatumia kura yake ya turufu, ile ya mmoja kuzuia wote, basi, imeisha. Tarehe 2 Machi ikaenda Baraza Kuu, nchi 141 zikaunga mkono azimio, 5 zikapinga, 35 zikajizuia. Ushindi mkubwa, ila maazimio ya Baraza Kuu ya namna hiyo hayamlazimishi mtu kisheria. La Usalama ndo lenye meno na wenye turufu ni watano tu, Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa. Hati za kukamatwa nazo ni hivyo hivyo, Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu ilitoa hati dhidi ya Putin Machi 2023, lakini mahakama ile haina polisi wake, inategemea nchi wanachama, na Septemba 2024 alienda Mongolia ambayo ni mwanachama akapokewa na gwaride. Haimaanishi hati ni karatasi tupu, kuna safari alizozikwepa kwa sababu yake, kwa mfano mkutano wa BRICS (kundi la Brazil, Urusi, India, China na Afrika Kusini wakati huo) uliofanyika Afrika Kusini Agosti 2023 alishiriki kwa video. Soma zote mbili.

Kura za maoni kabla ya uchaguzi nitapita haraka. Ukihoji watu kama 1,000 kwa njia nzuri kuna kosa la karibu pointi 3 juu au chini, kwahiyo 48 kwa 46 ni sare, asikudanganye mtu kuna anayeongoza. Na jua kura zinageuzwaje kuwa madaraka. Marekani 2016 Hillary Clinton alipata kura za wananchi karibu milioni 3 zaidi akashindwa, kwa sababu kule wanahesabu wajumbe wa majimbo. Uingereza 2024 chama cha Labour kilipata kama asilimia 34 ya kura na viti 411 kati ya 650. Ukisoma asilimia ya kura tu bila kujua mfumo umesoma nusu ya matokeo.

Mwisho kabisa, vita na bei. Watu wanapenda kusema "vita ya kule inatuhusu nini." Fuata meli. Mwishoni mwa 2023 Wahouthi wa Yemen walianza kushambulia meli Bahari ya Shamu, kampuni kubwa za meli zikaacha Mfereji wa Suez zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ya Asia na Ulaya ikaongezeka siku 10 na zaidi, mafuta mengi zaidi, bima juu, kontena zikachelewa kurudi na nauli ya kontena ikapanda. Bidhaa iliyomo ndani haijui siasa za mtu. Ukisoma habari ya mzozo popote, chukua ramani (ya simu inatosha) uangalie kuna njia gani ya bahari karibu hapo, Suez, Hormuz, Bab el-Mandeb, Malacca, alafu uangalie nini kinapita. Hapo Hormuz peke yake kwa kawaida ilikuwa inapita karibu moja ya tano ya mafuta yanayotumika duniani. Lakini pia bei ya mafuta inapanda kwa hofu kabla meli haijaguswa, na hofu ikiisha inashuka. Juni 2025 Israel na Iran walivyopigana siku 12 bei iliruka alafu ikarudi chini ndani ya siku chache tu baada ya kusitisha mapigano. Sasa bei ya mafuta kwenye pampu kupanda huwa inakimbia na kushuka inatambaa, hilo nalo liandike.

Shemeji baada ya ile simu kaanzisha daftari. Nilimwambia aweke safu mbili, kushoto alichosoma na tarehe, kulia aache wazi, arudi baada ya miezi mitatu aandike kilichotokea. La kwangu nalianza kabla yake, na ukurasa wa mwisho wa 2022 nimeandika kwa herufi kubwa kabisa kwamba Marekani wamepandisha riba haraka mno, 2023 uchumi wao LAZIMA uingie mdororo, nikapigia na mistari miwili chini. Upande wa kulia nimeandika: ulikua mwaka mzima. Nilimpigia picha ukurasa huo nikamtumia, akajibu na vicheko sita na swali, "toka lini na nani kahesabu?"